Taa ya njano ya mjomba

Najua nimepotea. TP imeisha, nimerudi chuo, nimemaliza kufua, sasa naweza kuandika. Walioniuliza nilifikaje Njombe bila nauli, wakati bumu lilishakata siku nyingi, leo nawajibu. Ila na mimi nina la kuungama.

Nilipewa lifti na mjomba. Ana gari la mtumba kutoka Uingereza, la mwaka 2015. Kule Ulaya, tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya la abiria ni lazima liwe na kifaa cha kupima upepo wa matairi. Upepo ukishuka kama asilimia 20, inawaka taa ya njano kwenye dashibodi, umbo lake kama tairi lililokatwa juu, katikati alama ya mshangao.

Tuliondoka Dodoma mchana, jua kali, baada ya mjomba kuzunguka mjini karibu siku nzima. Kwenye sheli akajaza upepo mpaka 35, namba ileile iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni. Safi kabisa. Tukalala Mafinga kwa ndugu. Wanaoijua Mafinga ya mwezi wa saba hawahitaji maelezo, ukiongea mdomo unatoa moshi. Asubuhi anawasha gari, taa hiyo hapo.

"Usijali mpwa," mjomba akacheka. "Hii taa inaogopa baridi. Kila nikija huku inawaka, tukitembea nusu saa inazima yenyewe." Halafu akachukua kipande cha selotepu nyeusi, akaiziba. Eti inamuumiza macho.

Sasa jamani, mimi nasoma ualimu wa fizikia. Wiki tatu kabla ya hapo nilisimama mbele ya wenzangu kwenye mazoezi ya darasani nikafundisha kanieneo na jotoridi, nikapigiwa makofi. Hewa iliyofungiwa mahali pamoja ikipoa, msukumo wake unapungua. Ile 35 ya Dodoma ilipimwa tairi likiwa la moto, tuseme hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 55. Mafinga alfajiri ni nyuzi 8 hivi. Piga hesabu kwa kelvini, usisahau kujumlisha msukumo wa hewa ya nje: unabaki na kama 28 au 29. Taa haikuwa mwongo hata kidogo. Matairi yalikuwa na upepo mdogo muda wote. Yakipata moto barabarani yanavimba kidogo, taa inazima, mjomba anaona ameshinda.

Yote haya niliyajua pale pale. Nikajikausha. Mtu amekupa lifti, amekununulia chipsi Iringa, amekulipia ada ya sekondari, halafu uanze kumfundisha gari lake? Kwetu hiyo inaitwa kukosa adabu.

Tukaondoka. Nilikaa mbele, binamu yangu wa miaka saba amelala nyuma. Nusu saa ikapita. Tulipofika Nyololo nikachungulia pembeni ya selotepu, bado kuna njano. Leo haijazima! Moyo ukaniambia sema. Nikatazama dirishani, nikahesabu miti.

Mbele kidogo gari likaanza kuvuta kushoto. Mara likayumba, huku lori la kutoka Tunduma linakuja mbele yetu likipiga honi. Mjomba ni dereva wa siku nyingi. Hakukanyaga breki ghafla, alishika usukani kwa nguvu mpaka gari likapoa lenyewe nje ya lami. Kimya. Halafu yule mtoto nyuma akauliza, "Baba, tumefika?"

Tairi la nyuma kushoto limelala chini. Tukafungua spea, nayo ilikuwa na upepo kidogo, tukaenda mwendo wa konokono mpaka kwa fundi pancha. Akatoa tairi kwenye rimu, akatuonyesha msumari. Kisha akaingiza mkono ndani, akatoka na unga mweusi wa mpira. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata moto na kujisaga lenyewe. Halizibiki tena, akasema, nunueni jingine.

Ndipo nikamwambia mjomba yote, ya baridi na ya Dodoma, na kwamba niliona taa haijazima. Nilitegemea anigombeze. Aliniangalia sana, akasema, "Kumbe ulijua." Basi. Hilo neno lilinikaa TP nzima. Darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi wasiogope kunyoosha mkono, huku mwenyewe nimeshindwa kumnyooshea mkono mjomba wangu, mtoto yuko nyuma.

Kwa wenye magari na wanaoomba lifti kama mimi: pima upepo tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka au gari likiwa limepaki saa tatu hivi. Fuata namba ya mlangoni. Ile iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Pima kila mwezi na kabla ya safari, spea ikiwemo. Taa ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Ikimetameta kama dakika nzima ndipo itulie, mara nyingi kifaa chenyewe kina hitilafu, pengine betri ya ndani ya gurudumu imekwisha, maana hudumu kama miaka 5 hadi 10. Hapo tumia geji, siyo selotepu.

Mjomba aliibandua ile selotepu siku ileile. Jana alfajiri nimepata meseji yake: "Mwalimu, nasafiri. Zote 35, na spea."

Haya, nawaacha, kuna foleni ya maji huku hosteli. Tuko pamoja.