Mgeni Asiyebisha Hodi

Wenzangu mtaani Umoja huniuliza, kwa kejeli isiyofichika, yanihusu nini mimi usafi wa sayari ya Mirihi ilhali mabomba yetu hukauka siku kadhaa na taka hurundikana kando ya njia. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kabla ya vyombo viwili vya Viking kutua Mirihi mwaka 1976, Wamarekani walivioka kwa saa nyingi katika joto lipitalo nyuzi 110 za Selsiasi. Waama, kuna vijidudu ambavyo hujifungia katika ganda gumu, vikastahimili ukavu, baridi na mionzi. Vikifika huko, mambo mawili yaweza kutukia: ama tutashangilia uhai mgeni kumbe ni wetu tuliousafirisha, ama uhai wa huko, iwapo upo, utadhuriwa kabla hatujaujua. Ndiyo sababu mwaka 2003 chombo cha Galileo kilielekezwa kujitosa katika sayari ya Mshtarii, kisije kikaanguka kwenye mwezi wake Europa, unaodhaniwa kuwa na bahari chini ya barafu.

Sisi tunayajua hayo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria, asikokuwa mwenyeji. Aliyemtia hakukusudia maangamizi. Alitaka samaki wengi, na kweli walipatikana, pamoja na ajira na fedha za kigeni. Lakini kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingineko duniani, zilikuwa zimetoweka, baadhi kabla hata ya kupewa majina na wataalamu. Isitoshe, minofu ya mbuta husafirishwa ng'ambo, nasi wa Eastlands tukakaangiwa mgongo wazi. Kisha likaja gugumaji kutoka Amerika ya Kusini, likaziba njia za mashua za wavuvi wa Kisumu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni asiyebisha hodi, wala asiyejijua kuwa amebeba nini?

Wala sisi si watazamaji tu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970 kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, na mwaka 2023 Taifa-1 ilipelekwa angani. Fauka ya hayo, Kenya imeukubali Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao kifungu chake cha 9 chazitaka nchi ziepuke kuzichafua sayari nyingine.

Basi jibu langu kwa wenzangu ni hili: uhaba wa maji hautunyang'anyi sauti katika jambo hili. Bomba lililokauka leo laweza kutoa maji kesho, nasi tuendelee kulidai. Furu waliotoweka hawadaiwi popote.