Mguu wa Mgeni

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kayanga, wilayani Karagwe, mtoto wa dada yangu aliponijia na daftari mkononi. Yu katika darasa la tatu. Mwalimu wake alikuwa amemwagiza asimame mbele ya wenzake, aeleze habari moja ya kale ya nchi yetu. Nilifurahi kupita kiasi, maana mtu ambaye kazi yake ni kufundisha hangoji kuombwa mara mbili.

Niliandika ukurasa mzima. Nilitaja Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika, na kuwasili kwa Speke na Grant, wasafiri kutoka Uingereza, mwezi wa Novemba, 1861, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Nikaongeza kuwa Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Yalikuwa maneno mazuri, lakini yalikuwa yangu. Nakiri kwamba nilitaraji mwalimu autambue mkono ulioyaandika. Mtoto aliyakariri siku mbili kwa taabu. Mwisho akauliza, "Mjomba, Kyerwa ilikosa nini hata ikatengwa?"

Mama yangu, aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka hata akaweka kisu chini. "Mpe kisa, mwanangu," alisema. "Hotuba kazitoe huko kwenu."

Basi nikaiacha karatasi, nikamsimulia. Speke alipokwenda Buganda, Januari 1862, Grant hakuweza kumfuata kwa sababu ya maradhi ya mguu. Alibaki kwa Rumanyika mpaka Aprili, akaondoka amebebwa kwa machela. Hapo mtoto aliketi wima. Ulimwuma wapi? Juu ya goti. Nani alimpikia? Usiku alizungumza na nani, naye hajui Kinyambo? Habari hizo nimezisoma miaka mingi, wala sikupata kujiuliza nani alimpikia. Bibi yake ndiye aliyemjibu, akamweleza jinsi mgonjwa wa ugenini anavyotunzwa katika nchi hii, kuanzia maziwa.

Siku ilipofika alisema habari za mguu tu. Mwaka aliusahau, Mto Nile haukutajwa kabisa. Alirudi mbio na swali la wenzake: je, yule mgeni alipona?

"Alipona," nilimjibu. "Mwaka 1863 yeye na mwenzake walifika Gondokoro, kisha wakaenda kwao."

"Akarudi kushukuru?"

"Hakurudi."

Alimtazama bibi yake, kisha akaenda kuvua sare ya shule.