Nilimkimbiza Mama Melaka

Mpango wa Melaka niliuandika mimi. Sikumwuliza mtu, na wa kwanza niliyepaswa kumwuliza alikuwa mama yangu, maana ndiye niliyekuwa nasafiri naye. Ulikuwa mpango mbaya.

Tulikuwa Kuala Lumpur kwa ajili ya mahafali ya mdogo wangu, aliyesoma chuo kikuu huko kama wanavyosoma vijana wengi wa Afrika Mashariki. Katikati ya shughuli za mahafali, kabla ya safari ya kurudi Mombasa, ilibaki siku moja tupu, nami nikaona hasara kuiacha ipite. Melaka iko kiasi cha kilomita 150 kusini ya Kuala Lumpur, na basi kutoka kituo cha TBS huchukua kama saa mbili. Ni mji mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na George Town ya Penang, na sehemu yake ya kale ni ndogo, ya kuzunguka kwa miguu. Niliposoma hayo nikapiga hesabu: saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, katikati mchana mzima ni wetu. Nikafungua ramani kwenye simu na kutia alama kila kilichosifiwa: Stadthuys, lile jumba jekundu la magavana wa Kiholanzi, Christ Church, kanisa la 1753, kilima cha St. Paul, lango la Porta de Santiago, makumbusho ya Baba Nyonya, hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng, msikiti wa Kampung Kling, mtaa wa Jonker, na wali wa kuku wa huko, ambao wali wake hufinyangwa matonge ya mviringo. Kila mahali nikapagawia dakika zake. Tiketi za kurudi nikazilipia mapema, za saa kumi na moja na nusu jioni, nikaamini nimepanga vizuri.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, ila iliacha nje mambo mengi. Basi halikushushi mji wa kale. Linakushusha Melaka Sentral, kilomita kadhaa kutoka hapo, na inabidi utafute basi la mjini au teksi. Kuna foleni ya choo, foleni ya chakula, magari yasiyosogea. Halafu kuna jua. Melaka iko digrii mbili tu na kitu kaskazini mwa ikweta, na joto lake ni lile la Mombasa mwezi wa Machi, la unyevu usiokauka mwilini. Tulifika jua likikaribia utosini. Katika hilo mtu wa Pwani hana udhuru. Kwetu hakuna anayemtoa mama yake matembezini saa saba mchana. Mchana ni wa ndani, jioni ni ya barazani. Hayo nimekua nayo. Nilikwenda mji wa bandari wenye hewa kama ya kwetu nikasahau kila ninachokijua kuhusu kuishi katika mji wa namna hiyo.

Mama ana miaka sabini na ushei, na goti lake la kulia linamsumbua. Hilo pia nililijua. Niliandika neno "kilima" kwenye orodha bila kufikiria ngazi.

Tukaanzia langoni. Porta de Santiago ndiyo mabaki ya ngome ya A Famosa, waliyoijenga Wareno baada ya Afonso de Albuquerque kuuteka mji Agosti 1511. Waholanzi waliwanyang'anya mwaka 1641, na Waingereza walipokuja wakaanza kuibomoa ngome mwaka 1807, wakaacha lango hilo tu. Mama amezaliwa na kukulia Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Fort Jesus. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha hapo.

"Mwanangu, hawa si ndio wale wale wa kwetu?"

"Ndio, Mama, Wareno. Hebu simama hapo nikupige picha."

Hilo ndilo jibu nililompa. Wareno waliivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, miaka sita kabla ya kuuteka mji huo wa Melaka. Mkono ni ule ule, karibu katika kizazi kile kile. Mama aliligundua kwa kugusa ukuta, akataka tulizungumze. Mimi nilitaka picha.

Kilimani nilipanda peke yangu. Mama alibaki kivulini, nami nikapita mbio kati ya mawe makubwa ya makaburi ndani ya kanisa lisilo na paa, nikaipiga picha sanamu ya mmisionari Francis Xavier isiyo na mkono, nikashuka. Makumbusho ya Cheng Ho, amiri wa Kichina wa zamani, nilikuwa nimeyafuta kwenye orodha kabla hatujafika. Nilidhani hayatuhusu.

Alasiri ilitukuta Kampung Kling. Msikiti huo uliwekwa mwaka 1748 na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi. Paa lake limepandana ngazi kwa ngazi, na mnara wake una umbo la pagoda. Ukiutazama kwa mbali hujui kama ni wa Mwarabu, Mchina au Mjava, kwa kuwa una sehemu ya kila mmoja wao. Baada ya swala Mama alikaa, akanyoosha mguu. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulitulia. Mzee mmoja wa pale akatusalimu, akauliza tunatoka wapi. Mombasa hakuijua, nilipotaja Afrika alitabasamu, akaanza kueleza jambo kwa Kiingereza kidogo na ishara nyingi, akielekeza mkono upande wa nyuma wa msikiti, kama anayetaka tumfuate.

Nilitazama saa.

"Mama, twende. Basi litatuacha."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Mzee anazungumza."

"Hatuna muda."

Nikampa mzee mkono, nikashukuru, tukatoka. Basi tulilipata, tena likaondoka kwa kuchelewa.

Wakati ule sikuhisi nimekosa. Nilikaa kitini nikifuta picha mbaya na kuhesabu kwa furaha mahali tulipofika; nilikuwa nimekosa makumbusho ya Baba Nyonya tu. Nje jua lilikuwa bado liko juu, kwani huko magharibi huingia baada ya saa moja usiku, na tulikuwa tunauacha mji saa ile ile ambayo joto linavunjika na watu wanaanza kutoka nje. Tulipokaribia Seremban, Mama aliuliza, bila lawama yoyote, kama mtu anayekumbuka jambo: "Yule mzee alitaka kutuonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaitazama ile orodha kwenye simu, nikaona kwamba kila kilichokuwamo kingeweza kuonwa na mtu yeyote, na picha zake zilikuwako kabla sijazaliwa. Kitu kimoja tu siku ile kililetwa kwetu sisi wawili, kwa sababu ya tulikotoka, na nilikikata katikati ya sentensi. Nilikuwa nimemwambia mama yangu hatuna muda, na muda wenyewe niliugawa mimi. Nikasema, "Sijui, Mama." Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Njia iliyobaki nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kulitafakari.

Nilianza kusoma baada ya kurudi nyumbani, jambo nililopaswa kulifanya kwanza. Tomé Pires, mfamasia wa Kireno aliyekaa Melaka mara tu baada ya mji kutekwa, aliandika kati ya 1512 na 1515 kitabu kiitwacho Suma Oriental. Katika orodha yake ya watu waliokuja kufanya biashara Melaka wamo watu wa Kilwa na wa Malindi. Cheng Ho, yule amiri wa Kichina niliyemfuta, alikuwa na kituo cha maghala Melaka, na meli za msafara wake zilifika Malindi. Francis Xavier, ambaye mwili wake uliwekwa kwa muda kwenye kanisa la kilimani mwaka 1553, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Uhindi. Na mji wenyewe ulikuzwa na mambo tunayoyajua sisi: pepo za msimu. Vyombo kutoka Gujarat vilikuja na upepo mmoja, vya China na mwingine, na mabaharia walikaa miezi wakingojea upepo ugeuke. Ndipo wakajenga misikiti na mahekalu, wakaoa, wakazikwa. Melaka ni mji wa watu waliongoja. Pengine mzee alitaka kutuonyesha kaburi tu, au kisima. Sitajua.

Gharama ya mpango wangu ni hii. Goti la Mama lilivimba, akashinda kitandani siku ya karamu ya mwisho ya mwanawe, na uwanja wa ndege alisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Safari ndefu za ndege hazitaki tena. Melaka hatarudi.

Nayaandika haya kwa sababu mdogo wangu, kwa nia njema, amekuwa akiwatumia orodha yangu wageni wanaomjia kutoka nyumbani, na wameifuata. Tafadhali msiifuate. Lala Melaka usiku mmoja, hata kama itabidi kuupunguza Kuala Lumpur. Fika alasiri, weka mizigo, toka jua likishalegea. Ukipenda soko la usiku la Jonker, liko Ijumaa hadi Jumapili. Kilima kipande asubuhi mapema. Mchana kaa ndani, na makumbusho ya Baba Nyonya, yenye ua wa ndani ulio wazi kwa juu, yanafaa kwa saa hizo. Msikiti wa Kampung Kling, hekalu la Kihindu la Sri Poyyatha la 1781 na lile la Cheng Hoon Teng yako karibu karibu. Yaachie muda usiokuwa na kazi nyingine. Tiketi ya kurudi usiinunue mapema, maana mabasi ya Kuala Lumpur ni mengi.

Na kama kweli huna usiku wa kulala, chagua ng'ambo moja ya mto unaopita mjini: upande wa lango na kilima, au upande wa Jonker na msikiti, usizitamani zote mbili. Nimemwuliza Mama, kwa kuchelewa, angechagua ipi. Amesema ya msikiti, na wali wa kuku tungekula Kuala Lumpur.