Orodha za Vitabu vya Likizo Miongoni mwa Wachanganuzi wa Data

Kupendekeza kitabu ni tendo la uhakiki, hata pale ambapo mpendekezaji hajawahi kujiita mhakiki. Anayemwambia mwenzake akisome kitabu fulani amekwisha kuchagua, kulinganisha na kuhukumu, na juu ya hayo ameliweka jina lake rehani. Tendo hili hujitokeza waziwazi nchini Marekani kila kiangazi kinapokaribia, pale kampuni zinazochanganua data zinapowaomba wafanyakazi wataje vitabu vya kusomwa likizoni. Orodha zipatikanazo huwa fupi: jina la kitabu, la mwandishi, la mfanyakazi, na sentensi moja au mbili za sifa. Wahakiki wa vyuoni aghalabu huzipuuza, na hiyo si haki.

Kiangazi chenyewe kinataka maelezo, kwa sababu kile cha kaskazini huangukia miezi ambayo mkazi wa Nairobi huvaa sweta. Dhana ya kitabu cha majira hayo ilienezwa na wachapishaji wa Marekani katika karne ya 19, tabaka la kati lilipoanza kupata likizo pamoja na treni za kulifikisha ufukweni na milimani. Kitabu hicho kilitarajiwa kuwa chepesi, hasa riwaya. Katika orodha za wachanganuzi wa data wepesi huo ni adimu. Zinazotajwa mara kwa mara ni kazi kama Moneyball ya Michael Lewis (2003), inayoeleza jinsi timu ya besiboli ya Oakland ilivyotumia takwimu kuwapata wachezaji waliodharauliwa na wengine, au The Signal and the Noise ya Nate Silver (2012), inayohusu ubashiri. Yaani mfanyakazi anayeiacha kazi kwa wiki mbili anashauriwa aichukue mkobani.

Hata hivyo, si kila kitabu cha takwimu katika orodha hizo ni mwendelezo wa kazi. Weapons of Math Destruction ya Cathy O'Neil (2016) ni mfano ulio tofauti kabisa. Mwandishi ana shahada ya uzamifu ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, na aliwahi kufanya kazi katika mfuko wa uwekezaji kabla ya kuigeukia fani yake na kuishtaki. Anaonyesha jinsi mifumo ya hesabu inavyowahukumu walimu, waombaji wa mikopo na wafungwa kwa vigezo ambavyo wahukumiwa hawavijui wala hawana mahali pa kuvikatia rufaa. Kitabu hicho kinapopendekezwa ndani ya kampuni inayounda mifumo ya aina hiyohiyo, pendekezo huwa usemi wa kimafumbo. Lisiloweza kutamkwa mkutanoni mbele ya meneja linatamkwa kwa jina la kitabu, chini ya kivuli cha burudani. Mswahili anayeijua kanga na jina lake hahitaji kufafanuliwa zaidi: nguo ni zawadi, lakini aliyelengwa na maneno yake hujijua.

Kinyume chake ni How to Lie with Statistics ya Darrell Huff (1954), kitabu ambacho huenda hakuna kingine kipendwacho zaidi na watu wa takwimu. Huff alikuwa mwanahabari, wala hakuwa mtakwimu, na ucheshi wake umewafunza wengi kuishuku michoro na wastani. Sifa anazopewa orodhani karibu zote ni hizo. Haisemwi kwamba mwaka 1965 mwandishi huyohuyo alitoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge la Marekani kwa niaba ya kampuni za tumbaku, akitumia ustadi wake kuutilia shaka ushahidi wa takwimu kuhusu madhara ya sigara. Hilo halikifanyi kitabu kuwa kibaya. Linakifanya kisomwe kwa jicho jingine, na mpendekezaji anayelijua akalinyamazia amemnyima mwenzake nusu ya usomaji.

Riwaya zinapotajwa, ile ya Isaac Asimov, Foundation (1951), haikosi wapenzi. Paul Krugman, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008, amekiri kuwa masimulizi hayo ndiyo yaliyomvutia kwenye uchumi. Mhusika wake, Hari Seldon, ni mwanahisabati anayeweza kuubashiri mustakabali wa umati mkubwa wa watu, ila hawezi kumbashiri mtu mmoja. Katika Foundation and Empire (1952) hesabu zake huvurugwa na kiumbe mmoja ambaye hakuna aliyemtarajia. Je, si ajabu kwamba wanaoishi kwa kuuhesabu umati wanaipenda riwaya inayouchora mpaka wa hesabu hizo?

Mpaka huo wanaujua vizuri. Tangu miaka ya 1990 Amazon imekuwa ikiwapendekezea wanunuzi vitabu kwa kuangalia ni vipi hununuliwa pamoja. Mwaka 2006 Netflix iliahidi dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yake ya kukisia alama ambazo mtazamaji angeipa filamu. Zawadi ikatolewa mwaka 2009, lakini mfumo ulioshinda haukutumiwa kikamilifu. Mashine hujua kwamba waliosoma hiki walisoma na kile. Haijui kwamba mwenzao wa meza ya pili amefiwa na mama mwezi uliopita na hatakiweza kitabu cha maombolezo, au kwamba huenda ndicho pekee atakachokiweza. Ndiyo maana, likizo inapokaribia, waundaji wa programu hizo huulizana kwa midomo.

Ubora wa orodha basi hauamuliwi na majina ya vitabu, kwa kuwa hayo hujirudia kutoka kampuni moja hadi nyingine. Huamuliwa na ile sentensi ya sababu. Anayeandika kwamba kitabu ni kizuri mno hajasema lolote ambalo mashine isingelisema. Anayeeleza ni nani asome, ni sura ipi inayochosha, na ni kwa nini avumilie, huyo amehakiki. Bahati mbaya mhariri wa orodha, kwa kupenda maandishi yote yawe na urefu mmoja, huyakata ili yatoshee, na kinachotangulia kukatwa ni sababu.