Mbwa wa kilo 35 ndani ya chumba na sebule: dada wa Msamvu alivyopewa mwezi mmoja na mwenye nyumba

Kwa Wabongo wengi mbwa ni wa nje. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa alinde geti, chakula chake ugali na dagaa. Mbwa kulala sebuleni ni mambo ya kwenye muvi. Sasa kuna dada mmoja pale Msamvu, Morogoro, anauza mitumba karibu na stendi, maisha yakamlazimisha kuiishi hiyo muvi bila kupenda.

Kaka yake alipata kazi Dodoma, akamwachia German Shepherd dume wa mwaka mmoja na nusu, kilo 35, jina lake Simba. Kwa kaka mtu Simba alikuwa na uwanja mzima. Kwa dada ni chumba na sebule, wapangaji wanne ua mmoja. Na Msamvu haina usiku. Barabara za Dar, Dodoma na Iringa zinakutana pale, honi za mabasi hazikatiki. Simba akifungwa uani, anabwekea kila honi na wapangaji hawalali. Akiingizwa ndani ananyamaza, lakini asubuhi kuna dimbwi la mkojo kwenye marumaru.

Mwenye nyumba akaja. "Binti yangu, nakupa mwezi huu. Asibweke, na nisisikie harufu. Ikishindikana, mmoja wenu anahama."

Chumba kingine cha kodi ile, cha kutembea kwa miguu mpaka kwenye biashara, asingepata. Na mtu pekee aliyekuwa tayari kumchukua Simba alikuwa na godauni na mnyororo mfupi.

Ushauri wa mtaani ukamiminika: mchape, msugue pua kwenye mkojo wake. Dada akajaribu kandambili. Simba akaacha kukojoa mbele yake, akahamia nyuma ya kochi. Hata akitolewa nje kwa kamba alikuwa anabana, kisha wakirudi ndani anajificha na kumaliza. Hakuwa amejifunza kwamba ndani hapafai. Alijifunza kwamba dada akimwona, kimenuka.

Aliyemfungua macho ni mteja wake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA. "Dada, si unawajua panya buku wa pale kwetu?" Nani Moro asiyewajua? Shirika la APOPO lilihamia mjini hapo mwaka 2000, na pale SUA linawafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia na kugundua mabomu na masalia yake zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu.

Panya hao hawafundishwi kwa fimbo. Akipatia, anasikia "klik" na hapo hapo anapewa kitu kitamu, ndizi au karanga. Akikosea, hapati kitu, basi. "Panya anaelewa," kijana akamwambia, "Simba atashindwa?"

Dada akaanza upya. Chakula mara mbili, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na baada ya dakika 15 sahani inaondolewa. Kinachoingia kwa ratiba kinatoka kwa ratiba. Simba akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Akimaliza kucheza, nje. Kabla ya kulala, nje tena, na kila siku sehemu ile ile, ili harufu yenyewe imkumbushe. Akimaliza tu, "safi!" na dagaa mmoja mdomoni ndani ya sekunde mbili. Ukisubiri mpaka mrudi ndani, anaona amezawadiwa kwa kurudi ndani.

Akiwa ndani, kamba yake ilifungwa kiunoni kwa dada, kwa hiyo safari za nyuma ya kochi zikafa. Kudeki akaacha dawa zenye amonia, maana kwa pua ya mbwa zinafanana na mkojo, akatumia siki na maji. Kwenye marumaru akatandika zulia kuukuu, kwa sababu mbwa mzito akiteleza kila siku viungo vinaumia.

Ngoma nzito ilikuwa muda. Mbwa mkubwa aliyekomaa anaweza kubana saa sita mpaka nane, lakini kumzoesha nane kila siku ni mateso. Dada akawa anafunga biashara kila mchana anarudi nyumbani, na wateja wengine hawakumsubiri.

Halafu kulikuwa na mama jirani, mtu wa swala tano. Kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dada hakubishana. Simba akawa anapitishwa upande wa pili wa ua, kamba fupi, mbali na karai na ndoo za watu. Wapangaji wote wakaonyeshwa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ile ya kila mwaka. Mama akamwambia, "Mwanangu, mbwa wako simpendi, ila umeniheshimu."

Wiki ya tatu, wateja walikuwa wengi stendi, dada akachelewa. Akafungua mlango, akakanyaga dimbwi. Hasira zikampanda, mkono ukaenda kwenye kandambili. Kisha akaangalia vizuri. Dimbwi lilikuwa mlangoni kabisa, na mlango umejaa alama za kucha. Nyuma ya kochi pakavu. Simba alikuwa ameomba kutoka, hakukuwa na wa kumfungulia. Dada akarudisha kandambili chini, akachukua siki.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja jioni, akakaa kwenye kochi, akanusa nusa. Basi likapiga honi barabarani. Simba akainua sikio moja, akalala tena.

"Sawa, abaki," mzee akasema. "Ila kodi naongeza elfu kumi. Ya mbwa."

Dada kalipa. Wewe ungelipa, au Simba angeenda godauni? Tiririka hapo chini.