Futi 10 kwa 10

Chumba changu cha kwanza cha kurekodi ndimo nilimokuwa nikilala, nikipika na kupokea wageni: futi 10 kwa 10, Majengo ya Nyeri, mabati juu bila dari. Mwaka ulikuwa 2009. Waimbaji wa kwetu walikuwa wamezoea kuteremka River Road, Nairobi, safari ya kilomita kama 150, kwa ajili ya nyimbo mbili tatu. Tangu Kameme FM ianze kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, kila kwaya ya mlimani ilitaka kusikika. Riziki ilikuwa ikibisha hodi. Pa kuikalisha ndipo sikuwa napo.

Basi nikaanza kutundika. Kuta zilikuwa za udongo na fito, zimepigwa plasta, na skrubu iliyokosa nguzo ilitoka na vumbi lake siku hiyo hiyo. Seremala mmoja alinionyesha dawa: tanguliza msumari mwembamba, ukizama kwa pigo moja huo ni udongo, ukikataa umepata mti. Gitaa likapata ndoano iliyovishwa tyubu ya baiskeli. Mikisa ikakaa juu ya ubao wenye bawaba, usiku naukunja ili mlango ufunguke. Maikrofoni niliifunga kwenye boriti ya paa, nikajiona mjanja, kumbe kila upepo ukitikisa mabati, boriti huuteremsha mtikisiko wote hadi kwenye maiki. Kwaya moja ya Othaya ina upepo wa Nyeri ndani ya ubeti wa pili mpaka leo.

Spika ndizo zilizonitia aibu. Nilizifunga ukutani kwa breketi, mgongo ukigusa plasta, meza ikabaki wazi. Chumba kikajaa besi tamu, nami nikawa naipunguza wimbo baada ya wimbo. Siku moja nikapanda matatu ya Karatina, dereva akaweka CD yangu. Besi hamna. Gitaa linalia kama kopo. Spika ikikaribia ukuta, sauti nzito hudunda na kujumlika na ile ya mbele. Nilikuwa nikikata kisichozidi.

Besi yenyewe ilikuwa imehamia kwa jirani. Asubuhi ajuza wa chumba cha pili aliniita.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Mjukuu wangu, zile kaswida mlizorekodi juzi sikuzisikia vizuri. Lakini ngoma yako naisikia mpaka kwenye meno."

Meno alikuwa nayo mawili.

Nikazishusha spika, nikaziweka kwenye stendi za mbao futi 2 mbele ya ukuta, chini nimetandika vipande vya tairi. Kilichotoka ni kitanda. Godoro la sponji nililisimamisha pembeni mchana, likanyonya mwangwi kuliko trei zote za mayai nilizokuwa nimebandika kwa fahari. Breketi mbili zilikataa kung'oka. Moja ikashika koti la baridi ya Julai, ya pili sufuria.