Mjumbe na Aliyemtuma

Katika kazi zote ambazo mtu hupewa na wenziwe, hapana iliyo nyepesi kwa ulimi na nzito kwa miguu kama kazi ya kusema kwa niaba yao. Ni nyepesi kwa ulimi, kwa kuwa maneno hayanunuliwi, na aliyejaliwa ufasaha aweza kuujaza ukumbi kwa sauti yake tangu asubuhi mpaka jua kutua. Ni nzito kwa miguu, kwa kuwa asemaye kwa niaba ya watu sharti kwanza awaendee, akae nao na kuwasikiliza, ndipo arudi na jambo la kusema. Nimeitafakari kazi hii kwa miaka mingi, maana nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na kwa muda nimekuwa mlezi wa vijana walioitumikia serikali ya wanafunzi.

Serikali hiyo, kwa msomaji asiyeijua, ni mfano mdogo wa serikali ya nchi. Ina rais na waziri mkuu, ina mawaziri na bunge lake, na vijana wa miaka 22 huitana waheshimiwa bila ya kucheka. Miongoni mwa kazi zake ziko mbili ninazotaka kuzieleza hapa. Ya kwanza ni utetezi, yaani kupeleka madai ya wanafunzi mbele ya wakuu wa chuo, Bodi ya Mikopo, wizara na hata wabunge. Ya pili ni kuifikia jamii, yaani kwenda mashuleni na vijijini kutoa msaada na elimu. Aghalabu kazi hizi hupewa watu wawili mbalimbali. Mtetezi hutukuzwa, kwa sababu hukabiliana na wakubwa. Mwenzake huhesabiwa mpagazi wa sabuni na mchele, apelekaye zawadi kwa yatima siku ya sikukuu, akapigwa picha, akarudi. Nasema kwamba kazi hizi mbili ni moja, na kwamba zikitenganishwa zote huharibika.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Kuteta ni kugombana kwa maneno. Kutetea ni kugombana kwa maneno kwa ajili ya mtu. Maneno haya yanatofautiana kwa irabu moja tu, ile iongezwayo katika kauli ya kutendea. Lakini irabu hiyo ndogo ndiyo imwingizayo mtu wa pili katika neno. Mwondoe mtu huyo, na mtetezi wetu, hata awe msemaji hodari namna gani, amebaki mgomvi tu.

Historia nayo ina ushahidi wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana, baadhi yao wakiwa wamevaa majoho, kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi: utumishi wa miaka miwili ambao sehemu yake kubwa ilikuwa kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao vijana wapatao 400. Lakini katika maneno yao mlikuwa na chembe ya kweli kuhusu mishahara minono ya viongozi, na Rais hakuidharau. Aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi wa vijana wale walipokewa tena chuoni.

Mwezi Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii kuyapinga marupurupu waliyoongezewa wabunge na viongozi wengine. Madai haya hayakuwa ya matumbo yao. Yalikuwa ya nchi nzima. Hata hivyo mamia walifukuzwa na kurudishwa kwao. Sikusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Natazama jambo moja ambalo waandishi wengi hulipita: katika mikasa yote miwili, kwa wengi wa vijana wale, kurudishwa nyumbani kulikuwa kurudishwa kijijini. Kijiji kilifanywa adhabu. Mahali ambapo msomi alipaswa kupachukulia ujumbe pakawa mahali pa kumwonea haya, na mkulima akampokea mwanawe kama mfungwa aliyetoka safarini. Laiti vijana wa 1978 wangalikuwa wamekwenda vijijini kwanza kwa hiari yao, huenda wakulima wangaliwapokea kama wajumbe wao waliopatwa na msiba.

Mimi ni mzaliwa wa Mazingara, katika nchi ya Wazigua iliyoenea Handeni na Korogwe. Ni nchi ya mahindi, mihogo na machungwa, jirani ya mashamba ya mkonge, na mvua zikikawia maji hutafutwa mbali. Huko kwetu, kama kwingine kwingi katika nchi hii, mtu akija kuposa hatoi maneno yake mwenyewe, huja mshenga. Swali la kwanza aulizwalo mshenga si ujuzi wake wala uzuri wa kauli yake. Huulizwa, nani aliyekutuma? Akijibu, husikilizwa, akishindwa, hupewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia. Tena mshenga hana ruhusa ya kwenda tu. Sharti arudi na jibu, liwe tamu au chungu. Twasema mjumbe hauawi, na watetezi wa wanafunzi hupenda sana kujikinga kwa methali hii. Lakini ngao hiyo hupewa mjumbe, yaani aliyetumwa. Asiyetumwa na mtu hana ngao.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Mazingara wakati wa likizo, na kuna binti wa jirani aliyekuwa amefaulu vizuri kidato cha sita. Baba yake alikuwa amefariki zamani, akazikwa kijijini kama wazee wetu wengi wazikwavyo, kwa sanda na dua, bila ya karatasi. Aombaye mkopo wa elimu ya juu kama yatima hudaiwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho sharti kihakikiwe na RITA. Fomu yake husainiwa na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na wakili au hakimu. Na maombi yote hupitia katika intaneti. Taratibu hizi zina sababu zake, maana fedha ni za umma na waongo wapo. Lakini binti yule hakuwa na cheti, wala hakuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba cheti chatakiwa. Muda ukapita, na mwaka ule akabaki nyumbani akiuza machungwa barabarani.

Katika majuma yale yale, serikali ya wanafunzi chuoni kwetu ilikuwa imeandika barua kali juu ya mikopo, imejaa hoja na imetoa muda wa kujibiwa. Niliisoma kama mwalimu wa lugha na sikupata kosa. Niliisoma tena kama mtu wa Mazingara, nisimwone yule binti ndani yake. Barua ilizungumzia kuchelewa kwa fedha za waliokwisha kuingia. Waliobaki nje ya mlango hawakutajwa, kwa sababu hapana aliyewajua.

Nilimweleza habari hii kijana aliyeshika kazi ya kuifikia jamii, naye alikuwa mtu wa vitendo. Likizo iliyofuata aliacha sabuni na mchele, akachukua daftari. Alikwenda na wenzake wanne katika shule kadhaa za sekondari za upande wetu, wakawaeleza wanafunzi wa kidato cha sita nini kitatakiwa na lini, wakaandika habari za kila aliyekwama na sababu ya kukwama kwake. Binti yule walimfuatana mpaka wilayani, na cheti kikapatikana. Mwaka wa pili aliingia chuoni. Daftari lile akapewa mtetezi. Barua yake iliyofuata ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, wala haikuwa na hasira. Iliwaeleza wakuu vijana wangapi walikwama, katika shule zipi na kwa karatasi gani, ikaomba jambo moja: elimu ya vyeti itolewe mashuleni kabla ya mtihani. Sikuwapo ilipojadiliwa, lakini niliambiwa kwamba kwa mara ya kwanza vijana waliulizwa maswali badala ya kuonywa.

Yako maneno mawili ya kupinga shauri hili, nami nayaheshimu. Wako wasemao kwamba mwanafunzi alikwenda chuoni kusoma, na miguu yake haina nafasi ya kuzunguka. Ni kweli, lakini hapana amtakaye aache mitihani. Likizo zipo, na kila mwanafunzi ana kwao. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 humfanya mkazi wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano wa kijiji, ambao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Akikaa nyuma na kusikiliza mkutano mmoja tu, atarudi na mengi. Wengine huogopa kwamba utetezi ukiunganishwa na huduma utalainishwa, na vijana watapewa ufagio ili wasahau madai. Hofu hii ina msingi, maana ufagio umetumika hivyo mara nyingi. Dawa yake ni daftari. Ahudumuye bila ya kuandika sababu za shida huifunika shida. Aandikaye sababu na kuzifikisha panapohusika amekwisha kuwa mtetezi, ajapokuwa hajainua sauti.

Vijana wetu watakuwa mawaziri na wabunge wa kweli kesho kutwa. Tabia waipatayo katika serikali yao ndogo wataichukua katika ile kubwa: ama ya kusema wasichotumwa, ama ya kwenda kwanza, kuuliza, kusema, na kurudi kwa aliyewatuma kumweleza alichojibiwa. Nchi haina upungufu wa wasemaji. Ina haja ya washenga.